MALI IZAAYO NA MALI ISIYOZAA: SOMO KUTOKA NCHI YA GANZE

Kila mfugaji wa Ganze ajua tofauti iliyopo baina ya kuuza beberu na kuuza jike la mbuzi. Akiuza beberu mmoja ili alipe karo ya mtoto, kundi hubaki, na mwaka ujao litazaa tena. Lakini akiuza majike yote, hata kama siku ile amepata fedha nyingi zaidi, amekwisha kula kundi lenyewe. Mtu wa Bamba au wa Vitengeni hana haja ya kufundishwa jambo hili. Alilijua zizini kabla hajajua kusoma.

Walakini elimu hii ya zizini mara nyingi huachwa papo hapo zizini. Mtu yule yule ambaye hangekubali kamwe kuuza jike lake la mwisho, huenda akakata mti wa mwisho uliosimama shambani mwake, na moyo usimwambie neno. Kusudi la somo hili ni kuonyesha ya kuwa msitu, udongo, maji na mawe yaliyo chini ya ardhi navyo vina hesabu yake, kama kundi la mbuzi lilivyo na hesabu yake. Na ya kuwa watu wasioishika hesabu hiyo huweza kuwa maskini katika nchi iliyokuwa na mali.

MAFUNGU MATATU YA MALI YA ASILI

Mali ya asili ni vitu vyote vyenye manufaa ambavyo mwanadamu hakuvitengeneza kwa mikono yake, bali alivikuta: miti, samaki, wanyama, mvua, udongo, mawe, madini, mafuta ya chini ya ardhi, jua na upepo. Wenye elimu ya mambo haya huigawa mali hiyo katika mafungu.

Fungu la kwanza ni mali isiyozaa. Hii ni ile ambayo ikitumiwa hairudi, au hurudi kwa muda mrefu mno hata haifai kungojewa na binadamu. Madini, makaa ya mawe na mafuta ya petroli yamo katika fungu hili.

Fungu la pili ni mali izaayo. Miti huota, samaki hutaga, majani ya malisho huchipua baada ya mvua. Mtu aweza kuchukua sehemu yake mwaka huu, na mwakani akakuta sehemu nyingine.

Fungu la tatu ni mali isiyopungua kwa kutumiwa. Jua likikausha mahindi ya jirani halipungukii kukausha ya kwako. Upepo uliosukuma jahazi jana haukupungua kwa kusukuma jahazi lile.

Mafungu haya huonekana mepesi kuyafahamu. Lakini ndani ya fungu la pili mna mtego, nao ndio uliowanasa watu wengi wa pwani. Ili mtego huo uonekane barabara, yafaa kwanza kulitazama fungu la kwanza.

JIWE LA BAMBURI NA MCHANGA WA KWALE

Kaskazini ya Mombasa, mahali paitwapo Bamburi, kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954. Saruji hiyo hutengenezwa kwa chokaa ya matumbawe, yaani jiwe lililofanyizwa na viumbe vidogo vya baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Nyumba nyingi, madaraja mengi na shule nyingi za Kenya zimesimama kwa jiwe hilo. Lakini mahali lilipochimbwa palibaki mashimo mapana, meupe, yenye joto kali na maji ya chumvi, wala hapakuota hata jani.

Mwaka 1971 bwana mmoja mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, jina lake René Haller, alianza kujaribu kupanda miti katika mashimo hayo. Alijaribu aina 26, na nyingi zilikufa. Mti uliostahimili kuliko yote ulikuwa mvinje, ule ule ambao watu wa pwani huupanda kwa kupata boriti. Hata hivyo kulizuka taabu nyingine: majani ya mvinje, ambayo ni kama sindano, yalianguka yakarundikana chini bila kuoza, na bila kuoza hapawi na udongo. Ndipo bwana huyo alipogundua ya kuwa majongoo huyala majani hayo. Wakaletwa majongoo kwa wingi, wakala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mweusi. Siku hizi mahali pale ni msitu wenye vidimbwi na wanyama, na watu hulipa kiingilio kwenda kupatazama.

Habari hii ni ya kusifika, lakini isieleweke vibaya. Msitu umekuja, bali jiwe halikurudi. Jiwe lile limekwenda na halitazaliwa tena katika umri wa taifa lolote. Kilichofanyika Bamburi ni kubadili mali isiyozaa iliyokwisha tumika kwa mali nyingine iliyo hai. Hiyo ndiyo busara pekee iwezekanayo kwa mali ya namna hii: maadamu itakwisha, basi kabla haijaisha na ipatikane kwayo kitu kitakachodumu.

Mfano mwingine uko Kwale. Huko mchanga wenye madini ya titani ulichimbwa, na shehena ya kwanza ikapelekwa ng'ambo mwaka 2014. Mwishoni mwa mwaka 2024 kazi ya kuchimba ilikoma, kwa kuwa mchanga wenye madini ya kuleta faida ulikuwa umekwisha. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka shehena ya kwanza ilipoondoka, alikuwa bado hajamaliza masomo yake wakati machimbo yalipofungwa.

Watu wa Ganze wana sababu ya kuliweka jambo hili moyoni, kwa maana katika nchi ya Vitengeni wajuzi wa miamba walikwisha ona tangu zamani mawe yenye risasi na mawe ya baraiti. Iwapo mawe hayo yatachimbwa kwa wingi siku moja, swali la kwanza lisiwe, "Yatatupa fedha kiasi gani?" Swali la kwanza na liwe, "Yatakapokwisha, tutakuwa tumebaki na nini?"

MTEGO ULIOMO KATIKA MALI IZAAYO

Sasa na irudiwe mali izaayo. Watu husema, "Mti ni wa Mungu, ukikatwa utaota mwingine." Neno hili ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni hii: utaota mwingine ikiwa utangojewa.

Na itolewe hesabu ndogo. Mtu ana kichaka chenye miti 100, yote imetimia. Mti wa aina hiyo huchukua miaka 20 tangu kuchipua hata kutimia. Akikata miti 5 kila mwaka, na kila akatapo akapanda mingine 5 na kuilinda na mbuzi, ataimaliza ile 100 ya kwanza baada ya miaka 20. Lakini mwaka huo huo miti 5 ya kwanza aliyoipanda itakuwa imetimia, na ya mwaka wa pili itatimia mwaka ufuatao, na kadhalika. Mtu huyo atakata miti 5 kila mwaka maisha yake yote, na watoto wake vivyo hivyo, wala kichaka hakitakwisha.

Jirani yake ana kichaka kama hicho, lakini yeye hukata miti 10 kila mwaka. Yeye naye hupanda badala yake, kwa hiyo hawezi kuitwa mvivu. Kwa miaka 10 atamshinda mwenziwe kwa fedha. Lakini mwaka wa kumi ukiisha, miti ile 100 imekwisha, na miche yake iliyo mikubwa kuliko yote ina umri wa miaka 10 tu, nayo ni myembamba. Hapo ana njia mbili. Ama akae miaka mingine 10 bila kukata kitu, au aikate ile myembamba kabla ya wakati wake. Mwenye njaa hawezi kukaa miaka 10. Kwa hiyo ataikata, na kwa kuwa ni myembamba itambidi akate miwili au mitatu mahali pa mmoja. Tangu siku hiyo kichaka chake kitakwenda kikipungua mbio kama maji katika mtungi uliopasuka.

Tazama basi: miti ya watu hawa wawili ni ya aina moja, ardhi ni moja, mvua ni moja. Mmoja ana mali izaayo, na mwingine ameigeuza mali yake kuwa isiyozaa, sawasawa na jiwe la Bamburi. Tofauti haikuwa katika mti, bali katika mwendo wa shoka. Hilo ndilo neno kubwa la somo hili. Mali izaayo huzaa kwa masharti, na sharti lake ni kwamba mwendo wa kuchukua usiupite mwendo wa kuota.

Kila mti una mwendo wake. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ulioko upande wa mashariki wa Ganze, humea mti wa mhuhu, mgumu na mzito, uliopendwa sana na wachonga vinyago. Mti huu hukua polepole mno, na mtu akiupanda leo atakayeuchonga huenda akawa mjukuu wa mjukuu wake. Ulikatwa kwa haraka kuliko ulivyoota, ukawa haba. Katika miaka ya 1990 wachongaji wa Mombasa na Malindi walianza kuhimizwa kutumia mwarobaini, ambao hukua upesi na umejaa mashambani na kando ya njia. Wateja hununua kinyago kile kile, lakini shoka sasa laweza kwenda sambamba na mti.

HABARI YA MAKAA

Hapana mahali ambapo hesabu hii huonekana wazi zaidi kuliko katika biashara ya makaa. Njiani kutoka Bamba na Ganze kwenda Kilifi na Mariakani, magunia ya makaa yamekuwa kitu cha kila siku, mengine juu ya baisikeli, mengine juu ya pikipiki. Makaa hayo hupikia vyakula vya miji, na fedha zake hununua unga na vitabu vya shule.

Yafaa haki isemwe hapa. Wengi wanaochoma makaa si watu wa uharibifu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kunyesha vema katika sehemu nyingi kavu za Kenya, na Ganze ilikuwa miongoni mwa sehemu za Kilifi zilizoumia. Mahindi yalikauka, ng'ombe walikufa. Mtu ambaye hana akiba benki wala ghalani hugeukia kitu cha pekee kilichobaki kimesimama, yaani mti. Kwa hiyo katika nchi kavu mti ni kama akiba ya maskini, na si ajabu akiba kutumiwa siku ya shida.

Lakini namna inavyotumiwa ndiyo yenye hasara. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kuni za kilo 100 hutoa makaa ya kilo 10 hata 20 tu. Zilizosalia huenda na moshi au huungua zikawa majivu, hasa kama kuni ni mbichi au tanuri limefunikwa vibaya. Kisha makaa hayo yakifika mjini hutiwa katika jiko ambalo joto lake jingi hupotea upande.

Tena mti uliokatwa haukuwa kuni peke yake. Maganda ya migunga huliwa na mbuzi wakati wa kiangazi, majani yalipokwisha. Mizizi hushika udongo, na udongo wa juu wenye rutuba hufanyizwa polepole sana, kwa mamia ya miaka, ingawa mvua moja kubwa yaweza kuuchukua kwa saa moja. Mahali penye miti maji ya mvua huzama. Mahali palipo wazi hukimbia na kujaza tope malambo ambayo watu na ng'ombe hutegemea. Mwenye kukata mti wakati wa ukame hununua unga wa mwezi huu, lakini huenda akauongezea makali ukame ujao. Na akichoma kichaka chote, ukame ujao utamkuta hana mbuzi, hana mti, wala hana lambo.

YAWEZEKANAYO KUFANYIKA

Kuwaambia watu waache makaa na wakati huo huo kuwaacha na njaa si shauri jema, na tena halifuatwi. Yapo mambo ambayo yamekwisha jaribiwa, na kila mtu aweza kuyapima kwa nafasi yake.

La kwanza ni kupanda mti wa kukatwa, ili mti wa asili upumzike. Karibu na bahari wakulima wengi wa Kilifi na Malindi hupanda mivinje kama mtu apandavyo mahindi, nao huuza boriti baada ya miaka michache. Katika nchi kavu ya bara mti wa mukau hustahimili kiangazi, na mbao zake hazipendwi na mchwa. Mwarobaini huota karibu kila mahali. Penye kisiki kinachochipua, yatosha kuchagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu na kuyazungushia miiba mbuzi wasiyale.

La pili ni kupunguza upotevu. Kuni zikikaushwa vizuri, na tanuri likafunikwa barabara na kulindwa usiku na mchana, makaa hupatikana zaidi kwa miti ile ile. Mjini nako, jiko la bati lenye ganda la udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupika chakula kile kile kwa makaa machache. Mama wa Kilifi mjini atumiaye jiko hilo anaokoa miti ya Ganze asiyopata kuiona.

La tatu ni kutafuta faida ambayo haihitaji shoka. Mwaka 1993 ilianzishwa huko Gede kazi iitwayo Kipepeo. Wenyeji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi kwa majani, na viwavi wakisha kujifunga katika maganda yao huuzwa, wakapelekwa kwenye majumba ya maonyesho ng'ambo, ambako hutoka vipepeo. Msitu huo una eneo la kilomita za mraba zipatazo 420, nao ni msitu mkavu mkubwa kuliko yote iliyobaki katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Kwa kazi hii, pamoja na ufugaji wa nyuki, mkaaji wa kando ya msitu hupata fedha kwa sababu msitu upo, wala si kwa sababu umeangushwa.

La nne ni kushirikiana. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 imewapa wakaao kando ya misitu nafasi ya kuunda vyama na kushiriki katika kuitunza na kuitumia. Mtu mmoja akijizuia peke yake, huenda mwenziwe akakata kile alichokiacha. Lakini kijiji kizima kikipatana, hesabu ile ya miti mitano kwa mwaka hushikika.

WAZEE WALIIJUA HESABU HII

Mtu asidhani ya kuwa mafundisho haya yameletwa juzi kutoka nchi za mbali. Wamijikenda walikuwa na kaya zao, na katika misitu ya kaya haikuruhusiwa kukata ovyo. Mahali pengi mtu hakuweza kuokota hata ukuni mkavu na kwenda nao nyumbani. Kijana alipouliza sababu, aliambiwa, "Mjukuu wangu, hapa si petu, tumepakuta." Ni kwa sababu ya mwiko huo kwamba misitu hiyo ingali imesimama kama visiwa vya kijani kibichi katikati ya mashamba, na mwaka 2008 kadha wa kadha kati yake iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Mzee wa kaya hakutumia maneno kama mali izaayo na mali isiyozaa. Lakini alijua kuna kitu cha kuliwa na kuna kitu cha kuachwa ili cha kuliwa kisikome. Mfugaji wa Ganze alijua vile vile alipomwacha jike zizini. Kilichobaki ni kuitoa elimu hiyo zizini na kuipeleka hadi kichakani, lamboni na chini ya mawe ya Vitengeni.

MASWALI YA KUFIKIRI

1. Taja vitu vitano vya mali ya asili vilivyo karibu na nyumbani kwako. Kila kimoja kimo katika fungu gani?

2. Mtu ana miti 60 iliyotimia, na mti wa aina hiyo hutimia kwa miaka 12. Akate miti mingapi kila mwaka, akipanda badala yake, ili kichaka kisiishe?

3. Kwa nini yasemwa kuwa huko Bamburi msitu umekuja lakini jiwe halikurudi?

4. Je, maji ya lambo ni mali izaayo au isiyozaa? Eleza ni jambo gani laweza kuyatoa katika fungu moja na kuyatia katika jingine.

5. Kama madini yangechimbwa katika kijiji chako kwa miaka 10 tu, kijiji kingefanya nini kwa fedha zake ili mwaka wa 11 usiwe mwaka wa majuto?

(Jibu la swali la 2 ni miti 5. Maswali mengine yafaa kuzungumzwa na watu wa nyumbani, hasa wazee, ambao waikumbuka nchi ilivyokuwa.)